Gundi ya mshono inayoua vijidudu: ukitaka kuitengeneza, uanze na ipi?

Mwaka 1957, jijini London, Elek na Conen walichapisha jaribio ambalo hadi leo halijapoteza makali. Waliwadunga watu waliojitolea bakteria wa Staphylococcus kwenye ngozi, wakahesabu ni wangapi wanaohitajika ili usaha utunge. Walihitajika mamilioni. Kisha wakarudia, safari hii wakiacha kipande cha uzi wa hariri ndani ya ngozi. Mia chache wakatosha. Ngozi ni ile ile, bakteria ni wale wale. Kilichoongezeka ni uzi.

Kila mshono, basi, ni msaada na ni mzigo kwa wakati mmoja. Uzi unavuta kingo za jeraha zikutane, lakini unaacha tundu kila upande, tena unawapa vijidudu mahali pa kujishikiza na kujijengea utando ambao dawa haiupenyi kwa urahisi. Gundi haitoboi. Inakaa juu ya kingo zilizokutanishwa, inaziba, na ngozi ikishaungana inabanduka yenyewe. Ndiyo maana wazo la kuipa gundi uwezo wa kuua vijidudu limewavuta wakemia, wafamasia na wapasuaji wengi, na ndiyo maana wanafunzi wa uzamili hawaishi kuniuliza: nianze na gundi ipi?

Swali hilo lina uzito kwangu. Dada yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza kwa upasuaji. Siku ya nane mshono ulianza kutoa maji, siku ya kumi ukaachia. Alinyonyesha akiwa amelala ubavu kwa wiki tatu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2016 wa kuzuia maambukizi ya majeraha ya upasuaji, lilieleza kuwa Afrika hadi asilimia 20 ya wanawake wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi kwenye jeraha. Mmoja kati ya watano. Kila nikiisoma takwimu hiyo namwona dada yangu amelala ubavu.

Nitalinganisha njia nne: sayanoakrileti, kaitosani, gundi za kuigiza kome, na fibrini. Sitazipa nafasi sawa kwa sababu hazistahili nafasi sawa. Na msimamo wangu niuseme mapema: wengi huanza kwa kuchagua dawa, ndipo wakatafuta gundi ya kuibeba. Mimi nasema anza na ushikaji. Gundi ikiachia, mlango unafunguka, na hakuna dawa ndani yake itakayoufunga. Kati ya gundi mbili zinazoshika sawa, ichukue ile ambayo kinachoshika ndicho hicho hicho kinachoua, uiache ile inayobeba dawa kama abiria.

Saa tatu za mwanzo

Kuna jambo moja ambalo mipango mingi ya utafiti hulipita. Mwaka 1961 John Burke alionyesha, kwa kutumia simbilisi (guinea pig), kwamba antibayotiki huzuia uvimbe wa jeraha ikiwa imefika kwenye nyama kabla bakteria hawajaingia, au ndani ya saa kama tatu baada ya kuingia. Ikichelewa zaidi ya hapo, ni kama haikutolewa. Ndiyo sababu leo mgonjwa hudungwa antibayotiki kabla ya kisu, si baada.

Sasa fikiria gundi inayotiwa mwishoni kabisa mwa upasuaji, saa moja au mbili baada ya mkato. Bakteria walioingia ndani wakati tumbo likiwa wazi wameshapata nafasi. Gundi ya juu ya ngozi haitawafikia. Kazi inayoweza kuifanya vizuri ni mbili: kuwaua waliobaki kwenye kingo za ngozi na ndani ya vinyweleo, ambako dawa ya kusafishia haikufika, na kuwazuia wa nje wasiingie kwa takribani saa 48, hadi tabaka la juu la ngozi lijifunge. Kwa hiyo andiko la mradi linaloahidi “kutoa dawa polepole kwa siku 14” lazima lieleze siku ya 14 dawa hiyo inamuua nani. Mara nyingi inachofanya ni kutoa kiasi kidogo kisichoua, na kiasi kidogo kisichoua ndiyo shule ambamo bakteria hujifunza usugu.

Sayanoakrileti: ndiyo hiyo supaglu, ila si hiyo

Harry Coover wa Eastman Kodak alikutana nayo mwaka 1942 akitafuta plastiki angavu ya vilengeo vya bunduki. Akaiacha kwa sababu ilinata kila kitu. Mwaka 1951 yeye na Fred Joyner wakaigundua upya, na mwaka 1958 ikaingia sokoni kama gundi ya kawaida. Vita vya Vietnam vilipochacha, madaktari wa jeshi la Marekani waliipuliza kwenye majeraha kuzuia damu ili majeruhi wafike hospitali wakiwa hai.

Supaglu ya dukani ina mnyororo mfupi wa kaboni, methili au ethili. Ikiwa mwilini huvunjika haraka na kutoa formaldehaidi, nayo huumiza nyama. Mnyororo ukirefushwa, uvunjikaji unapungua kasi. Ndipo tukapata aina mbili zinazotumika hospitalini: butili, ambayo Ulaya na Kanada waliitumia kwa miaka mingi, na oktili, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa jina la Dermabond. Asitokee mtu akaziba jeraha la mtoto kwa chupa ya dukani kwa kuwa amesikia hospitali wanatumia “supaglu”. Hazilingani kwa usafi wala kwa kemia.

Butili na oktili zenyewe zinahitaji kulinganishwa. Butili inaganda upesi na kwa kawaida bei yake ni nafuu, lakini ikishaganda ni ngumu kama kucha. Ngozi ikijikunja, inapasuka. Oktili inachelewa kidogo kuganda, ila inapinda na ngozi na inastahimili mvuto mara kadhaa zaidi. Kwa mkato mfupi, ulionyooka, mahali pasipocheza, butili inatosha. Kwa mkato mrefu wa tumbo, nisingeigusa.

Je, inaua vijidudu? Kwenye maabara, ndiyo kwa kiasi. Bakteria wa Gramu chanya, kama Staphylococcus, huzuilika ikiwagusa. Wa Gramu hasi, kama E. coli na Pseudomonas, wenye utando wa ziada kwa nje, huhimili zaidi. Zaidi ya hapo ni ukuta: filamu iliyoganda haipitishi bakteria ikiwa haijapasuka. Nguvu yake kubwa iko kwenye ukuta huo.

Shida inaanza pale mtu anapotaka kuitia dawa. Sayanoakrileti haikauki kama rangi. Inaganda kwa sababu unyevu wa ngozi unaanzisha mnyororo wa mmenyuko, na kinachoweza kuuanzisha mnyororo huo si maji peke yake. Vikundi vya amino (vyenye naitrojeni) navyo vinaweza. Antibayotiki ya gentamisini imejaa vikundi vya amino. Vankomisini inavyo. Ukichanganya dawa hizo na gundi kwenye chupa moja, umeweka kiberiti karibu na petroli: chupa inaweza kuganda kabla haijafika thieta. Watu wamejaribu kuzungushia dawa ganda la polima (molekuli ndefu za mnyororo) nyingine, au kuweka dawa kwenye ncha ya kupakia ikutane na gundi dakika ya mwisho. Yanawezekana hayo, lakini kila chembe ngumu unayoitia ndani ya filamu ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Umeongeza dawa, umepunguza nguvu.

Na nguvu ndipo gundi hizi zilipokwishaonyesha udhaifu. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 33 zenye washiriki 2,793 waliofungwa mikato ya upasuaji. Kati ya uzi na gundi, majeraha yaliyofungwa kwa gundi yaliachia zaidi; kwa hesabu yao, katika kila wagonjwa 43 wanaofungwa kwa gundi badala ya uzi, mmoja zaidi jeraha lake linaachia. Kwenye maambukizi, tofauti iliyo wazi haikuonekana. Soma sentensi hizo mbili pamoja. Gundi ambayo kwenye sahani ya maabara inazuia Staphylococcus, kwa wagonjwa haikuonekana kushinda uzi kwa maambukizi, huku ikishindwa kwa kushika.

Yapo pia mambo madogo ambayo muuguzi anayajua na mkemia huyasahau. Ukipaka tabaka nene, mgonjwa anahisi kuungua, kwa kuwa mmenyuko unatoa joto. Mafuta ya mgando yanailainisha gundi, kwa hiyo mama anayempaka mtoto mafuta juu ya jeraha anaibandua bila kujua. Karibu na jicho ni hatari. Kwenye kiungo kinachokunjwa, kama goti, haikai pasipo kukifunga kiungo kisicheze. Na jeraha chafu au la kuumwa na mnyama halizibwi kwa gundi hata kidogo, kwa sababu usaha utakosa njia ya kutoka.

Kaitosani: ganda la kamba na kaa

Huyu ndiye ninayemtetea, nikijua udhaifu wake.

Kaitosani hutoka kwenye kaitini, kitu kinachoyapa ugumu maganda ya kamba na kaa. Unaondoa madini kwa asidi, unaondoa protini kwa soda kali, kisha unachemsha kwenye soda kali zaidi ili kuvua vikundi vya asetili. Kinachobaki ni polima ndefu yenye vikundi vya amino, na mahali penye asidi kidogo vikundi hivyo hubeba chaji chanya. Utando wa bakteria una chaji hasi. Vinavutana, utando unavurugika, vilivyomo ndani vinavuja. Bakteria akitaka kujenga usugu hapo inabidi abadili ukuta wake mwenyewe, na hilo ni gumu kuliko kubadili kimeng’enya kimoja tu.

Chaji hiyo hiyo inavutana na damu na nyama. Ndiyo maana bandeji za kaitosani za kuzuia damu ziliruhusiwa Marekani tangu mwaka 2002 na zikaenda vitani. Kinachoshika na kinachoua ni kikundi kimoja cha amino. Ukilinganisha na sayanoakrileti iliyotiwa gentamisini, tofauti ni kubwa: kwenye sayanoakrileti dawa ikiisha gundi inabaki tupu, kwenye kaitosani gundi inabaki na silaha yake kwa muda wote iliyopo.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, malighafi iko jirani. Kamba wanavuliwa delta ya Rufiji na Ghuba ya Ungwana, na vichwa na maganda mara nyingi hutupwa. Naomba hapa tusijidanganye lakini. Kutoka kwenye ganda lililotupwa hadi unga wa kaitosani wa kusafishia maji ni njia fupi. Kutoka hapo hadi kaitosani inayoruhusiwa kugusa jeraha ni safari nyingine kabisa: lazima uondoe sumu za bakteria waliooza na ganda, uthibitishe kwamba kila pakiti ina urefu ule ule wa mnyororo na kiwango kile kile cha asetili kilichovuliwa, na uonyeshe jinsi ya kuitakasa bila kuikatakata minyororo. Mwanafunzi anayeanza nashauri anunue kaitosani ya daraja la tiba, amalize kemia yake kwanza, ndipo afikirie maganda ya Rufiji. Nimeona mradi mzuri ukiishia kwenye kusaga maganda miaka miwili, muda wa ufadhili ukaisha.

Udhaifu wake wa kwanza ni asidi. Chaji chanya inapungua kadiri mazingira yanavyosogea kwenye pH 7, yaani pasipo asidi wala alkali, na damu iko 7.4. Kaitosani inayoua vizuri sana kwenye bomba la maabara lenye asidi inaweza kulegea kwenye jeraha. Wakemia hutatua kwa kuiongezea vikundi vya amonia vyenye chaji ya kudumu, isiyotegemea pH. Lakini ukizidisha vikundi hivyo, seli za ngozi nazo zinaumia, maana utando wa seli yetu nao hauko salama kabisa mbele ya chaji nyingi. Kupata kiwango kinachomuua bakteria na kuiacha seli ya ngozi ikiishi ndiyo kazi yenyewe ya uzamili.

Udhaifu wa pili ni ushikaji. Peke yake, kaitosani si gundi ya kufungia mkato unaovutwa. Inabandika, inaziba, inazuia damu, lakini misuli ikizivuta kingo haiwezi kuzishika. Hapo ndipo mambo ya karibuni yanaponipa matumaini. Mwaka 2017, kundi la David Mooney wa Harvard lilichapisha kwenye jarida la Science gundi iliyotokana na kuchunguza ute wa konokono asiye na nyumba, Arion subfuscus, ambaye akitishwa hutoa ute unaonata hata mahali palipolowa. Walitumia haidrojeli (jeli yenye maji mengi) ngumu inayonyumbuka kama mwili wa gundi, na juu yake tabaka la polima yenye vikundi vya amino kama daraja la kuungana na nyama. Moja ya polima za daraja hilo ilikuwa kaitosani. Ushikaji ulidumu hata juu ya damu. Somo ninalolichukua ni kwamba kaitosani ikiwa daraja badala ya kuwa nyumba nzima, mvuto unabebwa na haidrojeli, na kaitosani inabaki pale inapokutana na ngozi, ambako ndiko bakteria waliko.

Mzio wa kamba huulizwa kila mara. Protini iletayo mzio iko kwenye nyama ya kamba, na usafishaji mzuri huiondoa, lakini mgonjwa lazima aulizwe na mtengenezaji lazima apime mabaki ya protini.

Kome na katekoli

Kome wa baharini wa jamii ya Mytilus hujibandika kwenye mwamba kwa nyuzi zisizong’oka hata wimbi likipiga. Kuanzia miaka ya 1980 mwanzoni, Herbert Waite alionyesha kuwa siri iko kwenye asidi ya amino iitwayo DOPA, yenye kikundi cha katekoli. Mwaka 2007 kundi la Phillip Messersmith lilionyesha kuwa dopamini, yenye katekoli hiyo hiyo, inaweza kujitandaza juu ya karibu kila kitu. Tangu hapo wakemia wameibandika katekoli kwenye kila polima wanayoifikia, kaitosani ikiwemo.

Kwa ushikaji mahali penye unyevu, kaitosani ya kawaida haimkaribii huyu. Na kuna zawadi ndani yake: katekoli inapooksidishwa ili gundi igande, hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo, ambayo inaua vijidudu saa za mwanzo, pale pale Burke alipotuonyesha. Lakini zawadi hiyo ni ya mara moja. Katekoli ikishaoksidika yote, peroksaidi imekwisha. Tena katekoli iliyooksidika kupita kiasi inaweza kunata vibaya kuliko isiyooksidika, kwa hiyo mmenyuko unaokupa mauaji unaweza pia kukupunguzia ushikaji. Ongeza na hili: gundi hubadilika kuwa kahawia. Kwenye ngozi, muuguzi anataka kuona kama kingo zimewaka wekundu. Gundi ya kahawia inamficha.

Kati ya hii na kaitosani tupu, kwa jeraha la ndani au linalotoka unyevu, ninaichagua kaitosani yenye katekoli chache. Kwa ngozi kavu iliyonyooka, katekoli ni kupiga inzi kwa rungu.

Fibrini

Fibrini naipita haraka. Inatengenezwa kwa fibrinojeni na trombini, vitu vile vile vinavyogandisha damu; mwili unaifahamu na unaiyeyusha bila kelele. Mwaka 1944 ilikwisha jaribiwa kwenye vipandikizi vya ngozi. Kwa kubebea antibayotiki inakubali nyingi, hata zile zenye amino ambazo sayanoakrileti inazikataa. Ila haina nguvu ya kushikilia mkato unaovutwa, na peke yake haiui chochote: ni protini tu. Dawa ikiisha, umewaachia bakteria chakula. Hutoka kwenye plazma ya binadamu, aina iliyogandishwa hutaka friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na hospitali ya wilaya ambayo umeme hukatika haiwezi kuiahidi hivyo. Mashahidi wa Yehova nao wanapaswa kuulizwa kabla. Ni gundi nzuri ya kuzuia damu ndani ya mwili. Kwa kufunga ngozi na kuua vijidudu kwa wakati mmoja, isiwe chaguo la kwanza.

Nikiwa hapo hapo kwenye kuuliza wagonjwa: jelatini, inayotumika kwenye haidrojeli nyingi za utafiti, mara nyingi hutoka kwenye ngozi ya nguruwe. Anayetengeneza gundi itakayotumika Mombasa, Zanzibar au Muscat afikirie chanzo tangu siku ya kwanza, badala ya kungojea kamati ya maadili imkumbushe.

Ukilazimika kutia dawa

Antibayotiki nimeshaisema: inapingana na sayanoakrileti kikemia, inazaa usugu ikitoka kidogo kidogo, na daktari angependa kuihifadhi kwa ajili ya sindano. Madini ya fedha huua wengi, lakini majimaji ya jeraha yana chumvi na protini zinazoinasa, na ikizidi inachelewesha seli za ngozi. Triklosani ina historia ya kufundisha. Uzi uliopakwa triklosani uliruhusiwa mwaka 2002, na mwongozo wa mwaka 2016 wa Shirika la Afya Duniani uliupendekeza kwa masharti. Kisha ukaja utafiti wa FALCON, uliochapishwa kwenye The Lancet mwaka 2021: wagonjwa 5,788 katika nchi saba zikiwemo Rwanda, Ghana na Nigeria. Uzi wenye triklosani haukuonyesha faida juu ya uzi wa kawaida, na maambukizi kwa jumla yalifika asilimia 22. Tafiti nyingine, nyingi za nchi tajiri, ziliona faida, kwa hiyo mjadala haujafungwa. Ila anayetengeneza gundi kwa ajili ya wagonjwa wa Kigali au Mwanza aipe FALCON uzito, kwa sababu wagonjwa waliopimwa wanafanana na wake.

Mwongozo ule ule wa 2016 ulisema jambo jingine ambalo watengenezaji wa gundi hawapendi kulinukuu: usitumie vizibio vyenye kuzuia vijidudu juu ya ngozi iliyosafishwa, kwa lengo la kupunguza maambukizi. Vizibio hivyo hupakwa kabla ya mkato na gundi ya kufungia hupakwa baada yake, kwa hiyo si kitu kimoja, lakini mkaguzi wa andiko lako atakuuliza, na inabidi uwe na jibu.

Na takribani mwaka mmoja baadaye, mwaka 2022, watafiti wa mtandao ule ule uliofanya FALCON walichapisha utafiti wa ChEETAh: wagonjwa 13,301, hospitali 81, nchi zile zile saba. Timu zilibadilisha glavu na vifaa kabla ya kufunga tumbo. Maambukizi yalishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16. Hakuna polima mpya hapo. Gundi yoyote utakayoibuni iwekwe kwenye mizani hii: inapunguza kuliko glavu safi, tena juu ya glavu safi?

Upime nini, kwa utaratibu gani

Mpangilio wa vipimo unaamua mengi kuliko watu wanavyodhani. Maabara nyingi huanza na kuua, kwa sababu sahani yenye duara safi kuzunguka gundi inapendeza kwenye bango la mkutano. Anza na nguvu. Kiwango cha ASTM F2458 kinapima nguvu ya kufunga mkato kwa vipande vya ngozi vinavyovutwa hadi viachane. Tumia ngozi ya nguruwe iliyolowa, si kavu, kwa sababu ngozi ya mgonjwa wa Dar es Salaam mwezi Februari imelowa jasho. Rudia baada ya gundi kukaa siku tatu kwenye joto la nyuzi 37 na unyevu. Gundi ikifeli hapo, usihangaike na bakteria.

Kuua kupimwe kwa kuhesabu bakteria walio hai waliogusana na gundi, kiwango cha ISO 22196 kikiwa msingi, na usikubali matokeo ya maji ya chumvi peke yake. Ongeza seramu. Nyingi ya gundi zinazong’ara kwenye maji hufifia protini zikiingia, na bora ujue mwezi wa tatu kuliko mwaka wa tatu. Seli za ngozi zipimwe kwa sehemu ya 5 ya ISO 10993, inayopima sumu kwa seli, kwa kiasi kile kile cha gundi kilichoua bakteria, siku ile ile kama inawezekana.

Nani achukue ipi

Hospitali inayotaka kufunga leo mikato mifupi, safi, isiyovutwa, inunue oktili isiyo na dawa na iwafundishe wauguzi kupaka matabaka membamba. Mkato wa kujifungua, tabaka za ndani zishonwe kwa uzi kama kawaida, na gundi ikitumika iwe juu ya ngozi tu, baada ya kingo kukutana zenyewe bila kuvutwa. Hapo gundi haibebi mzigo, inaziba tu, na kuziba inakuweza.

Timu yenye mkemia mzuri wa polima, mwenye vifaa vya kuhifadhi vitu bila unyevu, na inayotaka bidhaa ya ngozi kavu, ifanyie kazi oktili, ila isitie antibayotiki. Itafute namna ya kuifanya filamu isipasuke ngozi ikijikunja. Filamu isiyopasuka kwa saa 48 inazuia bakteria wa nje kuliko dawa yoyote iliyomo ndani ya filamu yenye ufa.

Na mwanafunzi mwenye miezi 18, benchi la kawaida, na bajeti isiyotosha kununua mashine mpya, nampeleka kwenye kaitosani yenye chaji ya kudumu, ikiwa daraja chini ya haidrojeli, na katekoli chache ikihitajika kwa jeraha lenye unyevu. Miezi sita ya mwanzo aitumie kwenye jedwali moja tu: kiwango cha chaji upande mmoja, na upande wa pili nguvu ya kushika, bakteria waliosalia ndani ya seramu, na seli za ngozi zilizosalia. Akipata mstari mmoja ambao safu zote tatu zinakubalika, ana andiko la kupeleka kwa mpasuaji. Asipoupata, ajue hivyo kabla hajamgusa mnyama hata mmoja.